Daftari Lenye Doa la Urojo

Mimi ndiye niliyepewa kuweka hazina,
kwa sababu, walisema, Mkenya na pesa hawaachani.
Sikubisha. Nikanunua daftari la kurasa thelathini na mbili,
kalamu nikaazima:
wanafunzi wanne wa Tunguu, siku mbili, kisiwa cha pili.

Boti, viti vya chini, wanne.
Ndayizeye alitapika mara tatu kabla hatujaiona Mkoani.
Hilo sikuliandika. Halina risiti.

Alfajiri pikapu ya ami yake Shaame ikatupokea.
Tukakaa juu ya magunia ya makonyo,
na hadi tunaingia Chake tulinuka kama sanduku la bibi harusi.
Karafuu zimeanikwa kandokando ya lami, jamvi baada ya jamvi,
dereva akizikwepa kama anakwepa watoto waliolala.

Urojo, bakuli nne. Kachori za ziada, sita.
Pilipili bure, na majuto yake bure vilevile.
Soilihi akasema kwao Moroni wanakula kali kuliko hii,
akasema hivyo machozi yakimfika kidevuni,
akaupiga mkono wangu kwa kicheko,
na hapo ndipo lilipodondoka doa hili la manjano
juu ya tarakimu: ni tatu au nane, sijui tena.

Pujini tukaonyeshwa kisima cha wake wenza.
Ukuta katikati: huyu ateremke ngazi,
yule avute kwa kamba, wasionane maisha.
Tukanyamaza kidogo, kwa heshima ya wivu.
"Na mume," akauliza Soilihi, "alikunywa upande gani?"
Mtembezaji, ambaye bila shaka ameulizwa mara elfu,
akacheka kama mara ya kwanza.
Bakshishi: elfu mbili. Nikakata, nikaandika tatu.

Kidike, popo.
Wananing'inia juu kama makoti yaliyosahauliwa msibani.
"Zamani tukiwala," Shaame akasema.
Mmoja akafunua jicho.

Usiku, Mtambwe, kwa mamake Shaame, Bi Mize:
wali wa nazi, changu wa kupaka, ndizi mbichi,
mkate wa kumimina uliotoboka kama sega,
na doriani, ambayo Ndayizeye aliiomba msamaha kwa mbali.
Nami, kwa mazoea ya siku nzima,
kalamu juu, nikauliza: "Na hii ni bei gani?"

Hata jiko lilinyamaza.
Bi Mize akanitazama kwa huruma, kama mtu mwenye homa.
"Nyie mbona mwala kama mnaiogopa sahani?"
Na Shaame, tonge shavuni, akaniokoa kwa beti aliyoitunga papo hapo:

    Mpemba hakosi tonge, mgeni akija kwake,
    Hata awe ni mnyonge, hula na jirani yake,
    Nafula usijitenge, na kitabu kifunike,
    Hesabu na zisubiri, tule kisha na tucheke.

Nikakifunika.

Jumapili, Vumawimbi. Tulipita msitu wa Ngezi mbio mbio,
boti haimngoji mtu.
Wenzangu wakaingia majini na mashati yao.
Mimi sijui kuogelea; nikakaa mchangani
na simu nne mapajani, viatu jozi nne:
hazina kamili.

Kabla ya kuondoka tuliweka elfu arobaini chini ya mto wa Bi Mize.
"Ataudhika," Shaame alisema.
Nikaandika: Mama, 40,000. Nikapiga mstari. Hesabu ikakaa sawa,
kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa.

Sasa boti imeanza kuyumba na Ndayizeye anabadilika rangi.
Natafuta ndimu begani mwangu, napata gazeti lililofungwa kwa uzi.
Ndani, karafuu konzi mbili.
Ndani ya karafuu, elfu arobaini zilezile,
noti moja imechanika kona, naijua,
na juu yake elfu mbili nyingine, mpya,
na kikaratasi: *ya dawa ya huyo mgonjwa wa boti.*

Nimejumlisha mara nne.
Nimefuta "Mama", nimeandika tena, nimefuta,
mpaka karatasi ikatoboka,
na kupitia tundu hilo naiona kurasa ya Jumamosi,
ya manjano, bado haijakauka vizuri.